Aliita Mama, Mama Akaja

1 Machi, Jumapili

Mvua ya kwanza ya msimu imeanza dakika ile ile binti yangu alipopanda juu ya paa la benki kwenye runinga.

Tulikuwa sebuleni watatu: mimi, mume wangu, na wifi yangu aliyekuja na kiti chake mwenyewe kutoka saluni kwake, maana vya kwangu, anasema, vimekaliwa na vitabu. Kweli vimekaliwa. Mwenye siku yake, kitinda mimba wangu, alikataa kukaa nasi. Alikuwa chumbani, mlango kauacha wazi kidogo, anasikiliza tutakapocheka na tusipocheka.

Niandike hapa, kwa kuwa gazetini siwezi: mimi siwapendi mashujaa wanaoruka. Nimewapiga vita kwenye safu yangu tangu nina nywele nyeusi. Mtu mmoja ana nguvu, anatuokoa sote, na sisi kazi yetu ni kukaa na kutafuna karanga. Hiyo si hadithi, ni dawa ya usingizi. Lakini huyu anayeruka nimemzaa mimi, na mbele ya mtoto wake mzazi hana msimamo.

Tamthilia inaitwa *Kimulimuli*. Msichana anauza balbu sokoni. Umeme ukikatika, viganja vyake vinawaka, naye anavaa suti ya manjano na kofia ngumu ya kufunika uso, anawafuata wezi wa nyaya juu ya mapaa. Basi leo akawafuata. Akafika ukingoni, akaruka. Na hapo hewani, kati ya paa na paa, shujaa wetu akapiga ukelele:

"Mamangu!"

Tulitazamana kwanza. Halafu wifi yangu akaanza. Alicheka mpaka kile kiti chake cha saluni kikazunguka.

"Shujaa anaita mama! Wifi, unaitwa huko!"

"Mwitikie basi," mume wangu akasema, "asije akadhani hupo."

Sauti ikatoka chumbani: "Waya ulilegea! Nilidhani nakufa!" Akaja mlangoni kutueleza. Ule waya unaomshikilia mgongoni ulishuka ghafla, akajiona anakwenda chini, na neno likamtoka. Mwongozaji alikuja mbio. Binti akadhani anakuja kumshika, kumbe anamkumbatia fundi wa sauti. "Hiyo haikatwi!" alipiga kelele. "Hiyo haikatwi hata kwa panga!"

Binti yangu alikuwa anacheka akisimulia. Naliandika hilo ili nisilisahau.

2 Machi

Nimesoma maoni kwenye ukurasa wa kituo cha runinga mpaka uji umefanya utando.

"Shujaa gani huyu, akimkamata mwizi ataomba anyonye?"

"Nilidhani ni mhudumu wa kituo cha mafuta amepotea njia."

"Mamaaa, nimeokoa mji, nipakulie."

"Hata paka wetu akiruka hamwiti mama yake, na mama yake yupo jikoni."

Mamia. Watu ambao hawajawahi kupanda hata juu ya stuli. Mume wangu anasema nizime simu. Yeye ni fundi wa majokofu. Kwake kila tatizo dawa yake ni kuchomoa waya kwenye soketi na kungoja.

4 Machi

Mvua. Nguo hazikauki. Maoni nayo hayakauki.

5 Machi

Nimekwenda saluni kwa wifi kuwasikia wenyewe. Nilijificha nyuma ya gazeti, tena gazeti langu. Mwanamke mmoja, nusu ya kichwa kimesukwa na nusu kimesimama kama kichaka, alikuwa anawasimulia wenzake: "Mume wangu siku hizi akijikwaa anaita mamangu, halafu ananyoosha viganja kama anamulika!" Saluni nzima ikaangua kicheko. Wifi akanikonyeza kwenye kioo. Sikumkonyeza.

Nimesoma vitabu vingi kuhusu vicheko vya halaiki. Vyote vinasema jambo moja: fisi naye hucheka.

7 Machi

Makala yangu imetoka. Ukurasa mzima. Nimeandika kuwa jamii inayomcheka mtu aliyeogopa ni jamii ya waoga wanaoogopa kujulikana. Nimeandika kuwa kicheko cha bure ni silaha ya asiye na hoja. Nimewataja fisi. Sikuandika kuwa mwigizaji ni mwanangu, kwa kuwa hoja haina ukoo.

Mhariri anasema hajawahi kuona makala ikisomwa vile. Binti yangu kaisoma akiwa amesimama. Akaikunja, akaiweka juu ya friji.

"Umeionaje?" nikamuuliza.

"Ndefu," akasema.

8 Machi, Jumapili

Sehemu ya pili. Tena paa, tena "Mamangu!", na safari hii waya haukulegea. Mwongozaji alimtaka aseme vile vile. Sauti ilikuwa ya kuigiza lakini chini yake hofu ilikuwepo. Mimi namjua. Huyu alikuwa anaogopa hata ngazi ya shule.

Hatukumaliza. Simu ya wifi ililia, akasoma, akanitazama kwa jicho ambalo sijawahi kuliona kwake.

"Wamejua," akasema.

9 Machi

Wamejua. Mtu amebandika picha ya zamani, mimi na yeye kwenye mahafali yake, nimemshika bega. Chini yake maneno manne tu:

*Aliita mama, mama akaja.*

Ndiyo imekuwa wimbo. Kuna katuni: Kimulimuli anaruka, nyuma yake mama mmoja mnene, miwani puani, anaruka naye kakunja gazeti kama rungu. Wamenipa na jina: Mama Mamangu. Muuza mboga ameniuliza kama leo natembea au naruka.

Mimi sijali. Nimetukanwa na watu wenye vyeo. Lakini shujaa anayetetewa na mama yake, huyo ni shujaa wa nini? Nimeliona swali hilo limeandikwa mara nyingi leo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kuandika nimekosa la kujibu.

Basi nimejibu. Nimewajibu mmoja mmoja, kwa jina langu kamili.

10 Machi

Wamecheka zaidi.

12 Machi

Leo nimekwenda kituoni. Nilipita getini bila kuandikisha; mlinzi alinijua, akanipigia saluti ya viganja viwili vilivyonyooshwa. Nikampita.

Ofisini walikuwa mkuu wa vipindi na mwongozaji. Mwongozaji ni kijana mwembamba anayevaa vile visikizio vyake shingoni hata akiwa hana cha kusikiliza. Nikawaambia nataka ukelele ule ukatwe. Katika sehemu zilizopigwa tayari wauondoe, na zinazokuja wasimtake auseme.

"Dada," mwongozaji akasema, "nikiikata ile sauti, nabaki na msichana wa manjano anayeruka. Wako wengi duniani."

"Ukiiacha, mimi nabaki na mtoto anayezomewa na kila mwenye simu."

"Hawamzomei. Wanamwiga."

"Usinifundishe Kiswahili, kijana."

"Sikufundishi, dada yangu. Lakini ile ndicho kitu pekee cha kweli nilichonacho. Suti ni ya uongo, paa ni la mbao, umeme tunatia kwa kompyuta. Ile sauti ni mtu."

Alikuwa anasema vizuri. Nilimwonea hasira kwa kusema vizuri. Nikamgeukia mkuu wa vipindi, nikamuuliza kama angependa nieleze kwenye ukurasa mzima jinsi waya ulivyolegea na mtu aliyenusurika kufa akageuzwa kichekesho. Sikupandisha sauti. Mkuu wa vipindi alivuta droo, akaifunga.

"Tusifike huko, mama. Itakatwa."

Nimeshinda. Nilirudi nyumbani kwa miguu kwenye mvua, na sikuisikia mvua.

13 Machi

Binti alinikuta jikoni nachambua mchele.

"Mama, ulikwenda kazini kwangu?"

"Nilikwenda kukutetea."

"Kama nimepigwa shuleni?"

"Kama umeonewa. Uonevu hauna umri."

Akavuta kigoda, akakaa mbele yangu. Ana macho ya baba yake, yasiyogombana na mtu.

"Mama, nisikilize bila kunijibu. Mimi sikukuita wewe. Mtu akiogopa husema hivyo. Babu alikuwa na miaka themanini, mama yake keshazikwa zamani, akigonga kidole cha mguu kwenye kitanda anasema mamangu. Alikuwa anamwita nani?"

"Sasa, hao..."

"Umeanza kujibu."

Nikaurudia mchele. Akachukua ungo mikononi mwangu, akauweka chini.

"Hao walikuwa wananicheka mimi, nami nilikuwa nacheka nao. Sasa wanatucheka sisi. Umenitetea mpaka nimekwisha."

Akainuka. Mlangoni akageuka na kusema kwa upole, na huo upole ndio ulionichoma: "Basi. Sitoi sauti tena. Mtaridhika wote."

14 Machi

Kashinda chumbani. Mume wangu ametengeneza bawaba ya mlango ambayo haikuwa na ubovu.

15 Machi, Jumapili

Sehemu ya tatu. Ameruka kimya. Imependeza, ina heshima. Wifi hakuja.

16 Machi

Sielewi. Maoni ya leo:

"Mbona haiti mama?"

"Wameharibu. Sasa ni kama wale wengine wote."

"Mwanangu mdogo kaniuliza, Kimulimuli ameacha kuogopa? Nikamwambia sijui. Akaondoka kwenye runinga."

"Mama Mamangu, turudishie mamangu yetu!"

Hilo la mwisho limependwa na maelfu. Watu hawa hawana msimamo. Wiki iliyopita walikuwa wanamrarua, wiki hii wanamlilia.

Au labda hawakuwa wanamrarua.

Niandike jambo ambalo tarehe tano sikuliandika. Yule mwanamke wa nusu kichwa, saluni, alipomaliza kuwachekesha wenzake, alisema kwa sauti ya chini: "Lakini nampenda yule mtoto. Ndiye shujaa wa kwanza kuogopa kama mimi." Nililisikia. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Sikuliandika kwa sababu halikufaa kwa makala.

17 Machi

Mvua imeng'oa mabati mawili ya jirani. Binti anaondoka asubuhi, anarudi jioni, anasalimia. Shikamoo yake ina adabu zote na haina kitu ndani.

19 Machi

Siwezi kulala na siwezi kukaa, basi naandika.

Simu ilikuja saa nane mchana. Ilikuwa namba nisiyoijua. Mwanamke.

"Mama, mimi ndiye mshonaji wa mavazi hapa wanapopigia picha. Samahani kukusumbua. Njoo tu. Suti haivuki."

"Haivuki vipi?"

"Mguu umejaa, mama. Suti haivuki."

Mume wangu aliendesha lile gari lake la kazi na majokofu mawili ya watu yakigongana nyuma. Tulipofika, walikuwa wamemkalisha juu ya kreti ya soda chini ya lile paa la mbao. Kofia bado kichwani. Mguu wa kushoto, kuanzia chini ya goti, ile suti ya manjano ilikuwa imejaa kama mto, imekaza mpaka mshono unameta. Mshonaji alikuwa amepiga magoti na mkasi, anakata kutoka chini, taratibu, anasema "pole, mama, pole" kila anapofunga mkasi. Na binti yangu alikuwa amenyamaza. Nilimvua kofia. Mdomo wa chini alikuwa ameutoboa kwa meno yake, damu imemwagika mpaka kidevuni.

Mwongozaji alikuwa amesimama, mikono kichwani, visikizio bado masikioni.

"Sikusikia kitu, dada," akaniambia. "Nilikuwa nimevaa hivi, sikusikia kitu. Aliruka, akatua, kimya. Nikadhani ametua salama. Nikasema, tena. Akapanda ngazi, akaruka. Kimya. Nikasema, mara ya mwisho, tena. Akapanda. Kila nikimuuliza alininyooshea kidole gumba."

"Uso hukuuona?"

"Kofia, dada. Kofia."

Nilitaka kumpiga. Mkono ulikuwa umeshainuka. Halafu nikaona ananitazama, si kwa kujitetea. Alikuwa anangoja nilielewe. Nami nikalielewa, mkono ukashuka wenyewe.

Hospitalini, daktari aliiweka picha ya mfupa kwenye mwanga. Ni mtu mzima, anaongea kama anayepima maneno kwenye mizani.

"Hapa ulikuwa ufa tu," akasema, akionyesha kifundoni. "Mruko wa kwanza. Ufa huu ningeufunga plasta, ungepona. Lakini ameruka mara mbili zaidi juu ya ufa. Sasa ni vipande, na kimoja kimetoboa ngozi." Akamgeukia binti. "Mara ya kwanza hukusikia maumivu?"

"Nilisikia."

"Sasa mbona hukupiga kelele?"

Binti yangu akageuza uso ukutani.

Daktari akanitazama mimi, kwa kuwa ni mama, na mama ndiye huulizwa. Mimi ambaye nina neno la kila mtu. Nilitazama ile picha ya mfupa kama mwanafunzi asiyesoma.

Wifi alitukuta kwenye korido akilia mpaka kilemba kimelegea. Akanishika mikono. "Wifi, wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe."

"Wahenga hawakuwa na runinga," nikamwambia.

Nikakaa kwenye benchi, nikalia mwenyewe.

20 Machi

Wamemtia bamba na skrubu. Saa nyingi. Mume wangu amelitazama friji la dawa la korido tangu asubuhi. "Linavuma vibaya," anasema kila baada ya muda. "Linavuma vibaya."

22 Machi, Jumapili

Sehemu ya nne, kwenye runinga ya wodini iliyofungwa juu ukutani kama mtu aliyenyongwa. Wagonjwa kumi na wawili, wanawake, kila mmoja na mfupa wake. Hawakumjua. Kimulimuli ana kofia, na huyu kitandani ana midomo iliyovimba.

Aliporuka kimya, bibi wa kitanda cha mkabala, aliyevunjika nyonga, alisonya. "Wamemziba mdomo huyu mtoto."

Binti yangu alikuwa amefumba macho. Hakuwa amelala.

24 Machi

Watoto hawaruhusiwi wodini. Wanaachwa uani na shangazi zao, na leo mvua ilipopungua niliwaona dirishani. Wanapanda kizingiti cha mfereji, wanaruka kwenye dimbwi, viganja vimenyooka. Na wote, mmoja baada ya mwingine, wanapiga ukelele: "Mamangu!"

Nilisimama pale kutafuta dhihaka. Mimi nina jicho la dhihaka. Ndilo lililonipa mkate miaka hii yote. Sikuiona. Walikuwa wanaogopa kidogo na wanaruka. Lile neno ndilo lililokuwa linawavusha.

*Hawamzomei. Wanamwiga.* Yule kijana alijua Kiswahili kuliko mimi.

26 Machi

Homa.

28 Machi

Homa haijashuka. Kidonda kina harufu. Mkuu wa vipindi amepiga simu, akaomba aongee na mgonjwa. Nikamshikia simu sikioni. Amepatikana msichana mwingine wa kuvaa suti. Uso hauonekani, watazamaji hawatajua, kazi isisimame, pole sana.

Binti yangu alisikiliza mpaka mwisho. "Kofia itamtosha?" akauliza. "Ina pedi pembeni. Mwambieni azitoe, zinaziba masikio."

Ndilo neno refu kuliko yote aliyosema wiki hii.

31 Machi

Kila siku asubuhi muuguzi anakuja na beseni na koleo, anakifungua kile kidonda, anakisafisha. Wenzake wodini wakifanyiwa hivyo wanapiga kelele mpaka uani. Wangu anajaza shuka mdomoni. Namwambia, "Lia, mwanangu." Anatikisa kichwa. Namwambia, "Nakuomba." Anajaza shuka zaidi.

Nimewahi kuwanyamazisha wabishi hodari. Sijui namna ya kumnyamazua mtu mmoja.

3 Aprili

Mvua usiku na mchana. Korido imeingia maji, tunavuka kwa matofali.

5 Aprili, Jumapili

Sehemu ya sita. Msichana mwingine ndani ya suti. Anaruka vizuri, magoti pamoja. Na hapo hewani, wodi nzima ikasikia:

"Mamangu!"

Vitanda vilishangilia. Bibi wa nyonga alipiga makofi. "Wamemrudishia! Wamemrudishia mdomo wake!"

Si yule msichana. Ni ile ile ya kwanza, ya siku waya ulipolegea. Wameichukua kwenye sehemu ya kwanza, wakaibandika kwenye mwili wa mwenzake. Ningeijua kati ya sauti elfu.

"Ni yako," nikamnong'oneza.

"Najua sauti yangu, mama."

Mwili wake wameutupa huku unaoza, hofu yake wameiweka. Nikafungua mkoba, nikatoa kalamu. Sentensi ya kwanza ilikuwa imeshakuja, ya pili iko mlangoni. Nilihisi nguvu miguuni kwa mara ya kwanza tangu tarehe kumi na tisa. Ningewachoma, kituo kizima, kuanzia mlinzi wa getini.

"Mama."

"Wamekuibia, mwanangu. Hili haliachwi. Hili..."

"Mama. Usiandike."

Alikuwa amenishika kidole kimoja tu, cha shahada. Hakuwa na nguvu ya kushika viwili. Nikaifunga kalamu.

7 Aprili

Daktari amesema kidonda kisipobadilika hadi mwisho wa wiki, atatoa bamba na skrubu zote, na baada ya hapo "tutazungumza mengine." Nikamuuliza mengine gani. Alivitazama vidole vya mguu wa mwanangu, kimoja kimoja, kama mtu anayeaga wageni.

Mume wangu alitoka nje. Nilimkuta uani, amesimama mvuani karibu na ule mfereji wa watoto. "Siwezi kuchomoa waya wowote hapa," akaniambia.

Mhariri kapiga simu. Anataka makala. Anasema watu wananiulizia. Nikamwambia sina.

9 Aprili

Leo kaja muuguzi mwingine, mwanamke mnene mwenye vidole vifupi. Akaweka beseni, akafungua bandeji, akatazama ndani, akatazama ile shuka mdomoni mwa binti yangu.

"Toa hiyo," akasema.

Binti akatikisa kichwa.

"Nisikilize, mwanangu. Mimi humu ndani nakata nyama. Iliyokufa lazima itoke yote, na iliyo hai nisiiguse. Kwa macho zinafanana. Mwenzako akilia najua nimefika kwenye uhai, nasimama. Wewe ukinyamaza sijui nikomee wapi. Waliokusafisha wote waliogopa, wakaacha nusu. Ndiyo maana unaoza. Sasa toa hiyo shuka unisaidie kazi."

Sikusema kitu. Mungu ni shahidi yangu, ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizofanya.

Binti yangu alitoa shuka mdomoni. Muuguzi akanikabidhi beseni, akainama na koleo. Akakata. Akakata. Akaingia ndani zaidi.

"Mamangu!"

Ilitoka kwa nguvu, ikagonga dari, ikarudi. Kila kitu mwilini mwangu kilisimama kuitika. Ulimi ulikuwa umeshaanza. Nikaufunga kwa meno. Nilishika beseni.

"Hapo," muuguzi akasema. "Ahsante. Sasa najua." Akasogeza koleo upande wa pili.

"Mamangu! Mamangu weee!"

"Na hapo. Vizuri sana. Piga."

Bibi wa nyonga alikuwa amejiinua kwa viwiko, kinywa wazi, anamtazama binti yangu, halafu ile runinga iliyozimwa, halafu binti yangu.

"We!" akasema taratibu. "Kumbe ni wewe?"

Hakuna aliyecheka. Yule bibi alinyoosha viganja vyake vyote viwili kuelekea kitandani petu, akavishikilia hivyo hadi muuguzi alipomaliza. Wa kitanda cha jirani naye akanyoosha. Na wa dirishani.

Muuguzi alifunga bandeji mpya. Nikamuuliza, mguu je? Akasema hajui, nusu yote iliyobaki imetoka leo, tusubiri Jumamosi, yeye si mganga wa kutazamia. Akachukua beseni lake mikononi mwangu. Ilibidi anifumbue vidole.

Nilikaa. Mvua ilikuwa inapiga bati la korido. Binti yangu alikuwa amelala chali, jasho usoni, kifua kinapanda na kushuka.

"Mama," akasema.

Nikadhani ni maumivu. Nikanyamaza kama nilivyojifunza.

"Mama. Mbona huitiki? Sasa ndiyo nakuita."

"Bee, mwanangu."

"Nipe maji."